Kidonda Kisichojua Moto

Simu ya Daktari Manana ilimkuta Inspekta Dali Margiani amepiga magoti sakafuni mwa ofisi yake, anahangaika na jiko la mafuta ya taa. Ilikuwa saa mbili na robo asubuhi, mwezi wa pili, na mji wa Kutaisi ulikuwa haujaona umeme kwa siku ya tatu.

"Uliniambia nikupigie nikipata mtu aliyeungua pasipo moto," daktari alisema. "Ninaye hapa wodini. Njoo kabla hajavaa viatu."

Dali aliliacha jiko lilivyo.

Simu hiyo alikuwa ameingoja kwa siku tisa. Siku tisa nyuma, maofisa wa forodha wa Sarpi, mpakani na Uturuki, walipasua tairi la akiba la mtu mmoja aitwaye Murman wakakuta chungu kizito cha madini ya risasi, kina alama ya mionzi na namba za Kisovieti ubavuni. Ndani kilikuwa kitupu. Murman alisema yeye ni muuza chuma chakavu, kisha akafunga mdomo, na mpaka leo hajaufungua. Lakini watu hawasubu chungu cha namna ile ili kikae kitupu. Kilichokuwamo kilikuwa kimetolewa, na sasa kilikuwa mahali fulani, uchi, kikimchoma kila anayekaa karibu nacho bila yeye kusikia chochote. Nchi nzima isingeweza kupekuliwa. Kwa hiyo Dali aliandika barua kwa kila hospitali kuanzia Batumi hadi Zestaponi: mkimpata mtu mwenye kidonda cha kuungua asichoweza kukieleza, niiteni kwanza mimi.

Akiwa mlangoni alimpigia Vazha Lomidze, mwanafizikia wa miaka sitini na mitatu, mtu pekee katika mkoa ule aliyekuwa na kipima mionzi kinachofanya kazi.

"Profesa, umekunywa chai?"

"Ndiyo naimimina."

"Iache hapo hapo."

*

Mgonjwa aliitwa Gocha Sturua, fundi magari, miaka thelathini na minne. Alilala chali, shuka limefunuliwa kwenye paja la kulia. Kidonda kilikuwa na ukubwa wa kiberiti, kingo zake za mviringo, katikati cheusi. Kidole gumba na viwili vinavyokifuata vya mkono wa kulia vilikuwa na malengelenge.

"Maji ya rejeta," Gocha alisema kabla hajaulizwa. "Nilifungua kifuniko injini ikiwa bado moto, yakanirukia."

"Lini?"

"Juzi. Hapana, Jumapili."

"Ulikuwa umevaa suruali?"

"Sasa Inspekta, nani anatengeneza gari bila suruali?"

Nesi alikuwa ameihifadhi suruali hiyo kwenye mfuko. Dali aliitandaza juu ya kitanda, akaingiza kiganja mfukoni, akakilinganisha na paja la Gocha. Ncha za vidole vyake ziliishia juu ya kidonda kabisa.

"Maji yako yana adabu," alisema. "Yameruka kutoka kwenye rejeta, yakaingia mfukoni, yakakaa humo yakikuchoma. Goti hayakuligusa. Hata kitambaa hayakukibabua."

Gocha alitazama dari.

Vazha alipitisha kipima mionzi juu ya mwili wake, kutoka utosini hadi nyayoni. Kifaa kililia mara moja moja, kama saa mbovu. "Yeye mwenyewe ni msafi," alimwambia Dali. "Kidude kimezibwa vizuri, hakijavuja. Kilimchoma tu, kikaondoka." Kisha akamwinamia mgonjwa, sauti yake ya ualimu. "Kwanza paliwasha. Halafu pakawa pekundu kama pamepigwa na jua, na jua lenyewe hakuna. Ukapaka mafuta. Wiki hii ndipo ngozi ilipofunguka. Nimekosea?"

"Nani kakuambia?"

"Hakuna. Ndivyo inavyokwenda kwa kila mtu."

"Murman tunaye," Dali aliongeza. "Na chungu tunacho. Hicho kilichokuwa ndani ndicho sina, na wewe ulikuwa nacho mfukoni. Gocha, una watoto?"

"Wawili."

"Wanacheza wapi?"

Mwanamume alifumba macho. Alipoyafumbua, alianza kusema haraka haraka. Wiki tatu zilizopita yeye na Murman walipanda hadi kambi moja iliyoachwa na jeshi la zamani kule milima ya Racha. Kulikuwa na mashine kuukuu ya kutibia mbegu kwa mionzi. Walichomoa chungu, na ndani ya chungu wakatoa kipande cha chuma kisichozidi kidole cha mwisho. Waliporudi waliona polisi wameweka kizuizi barabarani. Murman akabaki na gari na chungu. Yeye akatia kile chuma mfukoni na kukata msituni kwa miguu, saa mbili nzima.

"Murman alisema hakina neno mpaka ukipasue. Chungu alikitaka kwa sababu ya zile namba. Mnunuzi alitaka kuziona kwanza."

"Na kidude?"

"Nilikitupa. Jioni ile ile, mtoni, pale Daraja Jeupe. Moyo ulikikataa. Naapa kwa makaburi ya wazazi wangu."

Dali alimtazama Vazha. Vazha alikuwa tayari anafunga zipu ya koti.

"Anza na nyumba yake, halafu gereji," Dali alimwambia koridoni. "Mtoni nenda mwisho."

"Maji yanaficha mionzi. Kama kiko ndani ya mto Rioni, nitakuwa ninasikiliza samaki." Vazha alishusha sauti. "Unajua kwa nini mtu anakinunua? Si kwa ajili ya mbegu. Anakifunga pamoja na baruti, anakilipua katikati ya soko. Watakaokufa palepale ni wachache. Lakini soko lile hakuna atakayefungua duka tena hadi wajukuu zetu wazeeke."

*

Saa tano Vazha alipiga simu. Nyumbani hakuna kitu. Gereji hakuna kitu. Mke na watoto wamepelekwa kupimwa damu. Sasa yuko darajani na buti za mpira, watu wamejaa ukingoni wanamuuliza kama anatafuta dhahabu.

Dali alikuwa ameketi na Daktari Manana, majalada katikati yao.

"Kidonda cha paja kina umri gani?" aliuliza.

"Wiki tatu, ukihesabu kuanzia siku alipounguzwa. Hapo amesema kweli."

"Na vidole?"

Daktari alisita. Akachukua miwani yake, akarudi wodini, akakaa huko dakika kumi. Aliporudi hakuketi. "Vidole ni vichanga. Malengelenge yametoka jana au juzi. Siku kumi, labda kumi na moja. Haviwezi kuwa vya siku moja na paja."

"Kwa hiyo alikishika tena."

"Alikishika tena, na si kwa kukigusa tu. Alikibana kwa dakika kadhaa."

Kama kidude kilitupwa mtoni wiki tatu nyuma, mtu hawezi kukishika siku kumi nyuma. Dali alimpigia Vazha atoke majini, kisha akaenda kumsimamia Gocha kitandani.

"Siku kumi zilizopita ulikihamisha. Ulikitoa wapi, ukakipeleka wapi?"

"Nimeshasema. Mtoni."

"Vidole vyako vinasema vingine."

"Basi viulize vyenyewe," Gocha alisema, akageukia ukuta. Kuanzia hapo hakujibu tena. Dali alimwangalia mgongo. Mtu huyu hakuwa na ukaidi wa mhalifu aliyezoea. Alikuwa anamkinga mtu. Au alidhani anamkinga.

*

Kituoni Dali aliagiza majina ya ndugu wote wa Gocha. Mpaka saa saba alikuwa na akina Sturua sita: kaka aliye Poti, binamu wanne, na ami kipofu kijijini. Wote hawakuwa wamemwona Gocha tangu sikukuu. Alishuka ngazi kwenda kumpokea Vazha, na pale kaunta akakuta kelele.

Mzee mwenye skafu na kamera begani alikuwa akigonga meza. Koplo wa zamu alikuwa amejishika tumbo kwa kicheko.

"Tangu saa tatu nipo hapa, kijana! Tangu saa tatu!"

"Mzee Severian, kosa la picha kuharibika halimo katika vitabu vyetu."

"Hazikuharibika, zimehujumiwa! Harusi moja, ubatizo mara mbili! Mikanda yote imetoka myeusi ti! Bibi harusi kaja kwangu analia, mama yake kaja kunipiga na mkoba. Na mimi ninamjua aliyefanya: Otari, yule wa ng'ambo ya barabara. Tangu ameleta ile mashine yake ya Kijapani hanisalimii."

"Labda bibi harusi mwenyewe ndiye mweusi ti," koplo alisema, na polisi wawili nyuma yake wakaangua kicheko.

Dali alikuwa ameshawapita. Mguu wake ulikuwa nje ya mlango. Alirudi.

"Mzee, hiyo mikanda uliiweka wapi kabla ya kupiga picha?"

"Rafuni kwangu, mama. Rafu ni ile ile tangu mwaka wa themanini."

"Na ambayo hujaifungua?"

"Ndiyo hujuma yenyewe! Jana nimechukua filamu mpya, ina utepe wa kiwandani. Sikupiga hata picha moja, nikaisafisha hivyo hivyo nione. Nyeusi! Sasa niambie, Otari aliingiaje ndani ya boksi lililofungwa?"

"Hakuingia," Dali alisema. Mionzi hupita katika boksi na kuiunguza filamu kama mwanga. Koplo aliacha kucheka alipoona uso wake. "Imeanza lini?"

"Wiki iliyopita. Kabla ya hapo ilikuwa safi kama maji."

"Rafu imeegemea ukuta upi?"

"Wa kulia. Upande wa pili ni kwa Tsiala, fundi cherehani. Tsiala Bregvadze."

Bregvadze. Hakuwa kwenye orodha. "Ana ndugu?"

"Hakujaliwa mtoto. Alimlea mtoto wa dada yake marehemu, ni fundi magari sasa, kijana mmoja..."

Dali hakungoja jina. Nje, Vazha alikuwa ndiyo anashuka kwenye gari, suruali imelowa mpaka magotini. Dali alimshika mkono akamrudisha garini.

*

Maduka yale yalikuwa nyuma ya soko, mlango ukifuata mlango chini ya paa moja. Kipima mionzi kilianza kulalama kwenye ngazi. Mbele ya rafu ya Mzee Severian kililia mfululizo, kama mvua ya mawe juu ya bati, na Vazha akamsukuma mzee nje kwa kiwiko bila kuomba radhi.

Koplo na polisi wenzake waliwaondoa wauza jibini na wauza viungo, wakafunga barabara. Vazha alichora mstari wa chaki hatua sita kutoka mlango wa Tsiala.

"Ukivuka hapa, una dakika moja. Nikikuita unatoka, hata kama umemshika nusu."

"Naenda," Dali alisema.

"Afadhali mimi, nimeshazeeka."

"Wewe ndiye unayejua kukikamata. Hesabu."

Ndani, mwanamke wa miaka karibu sitini alikuwa ameinamia cherehani, kitambaa kichwani, gauni jeupe la harusi limemiminika kutoka mezani hadi magotini mwake. Uso wake ulikuwa na rangi ya nta.

"Ngoja kidogo, mwanangu," alisema bila kuinua macho. "Namalizia mkono huu. Harusi ni Jumamosi."

"Mama, inuka tutoke. Sasa hivi."

"Kuna nini? Kuna moto?"

"Ndiyo, kuna moto," Dali alisema, kwa sababu hakupata neno jingine fupi.

Tsiala aliinuka, magoti yakamkatika. Dali alimdaka chini ya makwapa. Ndala za mwanamke zilibaki chini ya meza, na nyayo zake zilikuwa zimevimba, nyekundu hadi kwenye vifundo. Kitambaa kilimteleza kichwani. Nywele nyingi zilikwenda nacho.

"Arobaini na tano!" Vazha alipaza sauti nje. "Arobaini na sita! Dali!"

Alimburuta hadi nyuma ya mstari. Walimketisha kwenye kreti, mtu akamfunika koti. Vazha alichuchumaa mbele yake.

"Mama, Gocha alikuletea kitu siku hizi?"

"Gocha wangu? Kafanya nini? Alileta kikopo cha biskuti. Vyuma vya gari, alisema, vitaibiwa gereji. Nimekiweka chini ya meza pamoja na makopo yangu ya vifungo. Naegemeza miguu juu yake, sakafu ina baridi sana." Alitazama nyayo zake. "Nilidhani ni baridi hii hii. Na kutapika nilidhani ni jibini."

Vazha aliinuka polepole. Alichukua koleo lake lenye urefu wa mita moja na nusu, akatanguliza chungu chake cha risasi kwenye toroli ya mkaa, akaingia. Dali alihesabu kwa sauti. Kwenye sekunde ya ishirini alisikia kopo likianguka, halafu sauti ya vifungo mamia vikitawanyika sakafuni, halafu tusi.

"Vazha?"

"Kimedondoka! Kimeingia kwenye vifungo!"

"Thelathini na nane. Toka."

"Nakiona..."

"Nimesema toka!"

Alitoka, jasho likimchuruzika katika baridi ile. Alikaa chini, akapumua, hakutaka maji. "Kina rangi ya vifungo vya koti la jeshi," alisema. "Sitakikosa tena." Aliporudi ndani, Dali alianza kuhesabu upya. Dali alifika thelathini na moja ndipo aliposikia mfuniko wa risasi ukigonga chungu. Kipima mionzi kilichokuwa mikononi mwa koplo kilishusha kelele, kikapunguza, kikabaki kulia mara moja moja.

*

Saa kumi jioni Tsiala alikuwa kitandani, akisubiri gari la kumpeleka hospitali kubwa ya Tbilisi. Daktari Manana alikuwa amempa dawa ya maumivu na alikataa kumpa Dali zaidi ya dakika kumi.

"Mwanangu," Tsiala alisema, "kwa jambo hili nani atafungwa?"

"Aliyekiiba na aliyekificha."

"Basi andika ni mimi. Nilikiokota barabarani, nikakichukua kwa tamaa zangu. Mimi sina wa kumwacha. Yule ana watoto wawili."

"Mama, hiyo si kweli."

"Nimekuomba uandike. Sikukuomba uamini."

Maelezo ya shahidi huandikwa kama yalivyotolewa, na Dali aliyaandika. Kisha alitembea milango mitatu kwenye korido hiyo hiyo, akavuta kiti kando ya kitanda cha Gocha, na kumsomea ukurasa wote kwa sauti isiyo na rangi.

Gocha alisikiliza hadi katikati. "Yuko wapi?"

"Chumba cha tatu kutoka hapa. Alikuwa anaegemeza miguu juu ya kikopo chako."

Mwanamume alijaribu kukaa. Dali alimlaza kwa kiganja kifuani, naye hakushindana. Alilia kwa muda, bila sauti. Kisha, bila kuulizwa, akatoa yote. Mnunuzi anajiita Demir, anazungumza Kirusi, anamjua Murman kwa sauti ya simu tu na hana habari kwamba amekamatwa. Kesho saa nne asubuhi atashuka treni ya Batumi pale stesheni ya Samtredia na kukaa kwenye mkahawa wa abiria, meza ya dirishani, kofia ameiweka juu ya kiti cha pili. Gocha ndiye angempelekea kidude. Dali aliuliza kila swali mara mbili na kupata jibu lile lile mara mbili. Alimpa koplo karatasi aende kupiga simu Samtredia, akafunga daftari.

"Atapona?" Gocha aliuliza.

"Sijui. Miguu, daktari haahidi."

"Sikutaka aumie, Inspekta. Yule ndiye mama yangu. Mungu anajua."

"Kati ya watu wote Kutaisi, kwa nini ulimpelekea yeye?"

Alikuwa akivaa kofia alipouliza, na hakutegemea jibu.

"Kwa sababu ya mbwa," Gocha alisema. "Nilikuwa nimekificha bandani, chini ya gunia, na mbwa wetu analala juu ya gunia lile. Kwanza manyoya yakaanza kupukutika. Halafu akawa anatoka damu puani. Amekufa mbele ya watoto, wamelia siku mbili. Ndipo nikasema hapana, kitu hiki hakiwezi kukaa kwenye nyumba yenye..."

Alimtazama Dali, kisha mlango, kama mtu anayetafuta aliyesema maneno hayo.

Dali alivua kofia. Aliketi tena, akafungua daftari kwenye ukurasa mpya, akaandika saa na tarehe.

"Rudia kuanzia kwa mbwa," alisema. "Taratibu. Neno kwa neno."